Mtoto ameumia, lakini ameumiaje?

Mwezi wa Julai, hapa Njoro, baridi haimheshimu mtu. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu ushukao kutoka upande wa msitu wa Mau huweza kukalia mashamba ya ngano asubuhi nzima bila haya. Jumatano moja ya mwezi huo, yapata saa 11 jioni, nilikwenda kumchukua kitinda mimba wangu, binti wa miaka miwili na nusu, kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto mchana. Nilimkuta amepakatwa na mlezi wake, paji la uso limevimba mfano wa yai la kware, na juu ya uvimbe huo pamepakwa mafuta ya kupikia. Mlezi mwenyewe ni mama aliyevuka miaka 50. Watoto humwita Cucu, nasi wazazi, hata tusio Wakikuyu, tumeiga.

"Mama, pole sana," aliniambia kabla sijatoa salamu. "Mtoto ameumia kidogo."

"Ameumiaje, Cucu?"

"Ameanguka tu."

"Ameangukia wapi?"

"Hapa hapa."

"Saa ngapi?"

"Si kitambo."

Nilimnyakua mwanangu nikaondoka pasipo kuaga, jambo ambalo mama yangu mzazi angalinikemea kwalo. Ilipofika saa 3 usiku mtoto alitapika. Saa 3 na nusu tukawa ndani ya teksi kuelekea Nakuru, mwendo wa takriban kilomita 20, mimi nikimtikisa kila asinziapo. Tabibu wa zamu, kijana ambaye yamkini aliondoka chuoni juzi tu, alinihoji kwa upole. Alianguka kutoka kimo gani? Aliangukia sakafu ya saruji au udongo? Je, alilia papo hapo au alinyamaza kwanza? Alipoteza fahamu, japo kwa nukta chache? Ilikuwa saa ngapi?

Sikuwa na jibu hata moja. Mimi niliyeandika tasnifu nzima ya uzamifu juu ya kitenzi cha Kiswahili, usiku ule nilikuwa na kitenzi kimoja tu cha kumpa daktari: ameanguka.

Mtoto aliwekwa chini ya uangalizi hadi kulipopambazuka, akaamka akidai chai. Namshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, maswali yale matano hayakuniacha, nami naona ni vyema niyalete mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu. Miongoni mwenu wamo wengi wanaosomea ualimu wa chekechea, na wengine mna watoto wenu mikononi mwa walezi wa namna hii hivi sasa msomapo.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kiswahili kimetujalia utajiri mkubwa wa kauli. Kutokana na mzizi mmoja twaweza kusema mtoto ameumia, ameumizwa, amejiumiza, au watoto wameumizana. Tofauti baina ya maneno haya si ya mapambo. Asemaye "ameumizwa" amekiri kwamba yuko mtenda, hata kama hakumtaja. Asemaye "amejiumiza" amekwisha kutoa hukumu, na aliyehukumiwa ni mtoto wa miaka miwili na nusu. Ama "ameumia", hilo ni neno lisilo na mwenyewe. Maumivu yametokea kama mvua inyeshavyo. Hakuna aliyekuwapo, hakuna aliyekuwa akitazama kwingine, hakuna benchi wala jiko wala mlango uliosahauliwa wazi. Ukiwasikiliza walezi, mayaya na hata sisi wazazi tunapoeleza jeraha la mtoto, utaona kwamba tunalikimbilia neno hili kuliko ndugu zake wote.

(Nitaje pia, kwa kupita tu, kitenzi "kuuma" chenyewe. Mlezi wa Njoro akikuandikia kwamba mtoto "ameumwa", utatafuta alama za meno. Mwenzake wa Dar es Salaam akikuambia mtoto "anaumwa", utatafuta kipimajoto. Nimepata kumwona mwanafunzi wangu kutoka ng'ambo ya mpaka akibishana na mwenye nyumba wake hapa mjini kwa muda wa dakika kumi juu ya jambo hili, kila mmoja akimdhania mwenziwe hamnazo.)

Je, uteuzi wa kitenzi hubadilisha lolote nje ya sarufi? Hubadilisha. Mnamo mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa kuwapa watu kisa cha moto uliozuka mkahawani. Kisa kilikuwa kimoja. Kundi la kwanza lilisoma maelezo yasemayo kwamba mwanamke aliyekuwa mezani aliuangusha mshumaa, na la pili likasoma kwamba mshumaa ulianguka. Waliosoma kwamba aliuangusha walimlaumu zaidi mwanamke yule, na walipoulizwa alipe kiasi gani cha hasara, wakamtoza fedha nyingi zaidi. Mlezi wa Njoro hajausoma uchunguzi huo, wala hahitaji kuusoma. Anajua tangu zamani kwamba kitenzi kina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa na yeye.

Hali kadhalika neno "pole". Wageni wajifunzao Kiswahili hutatizika nalo mno, maana wao hudhani ni ombi la msamaha. Sivyo. Pole humwendea yeyote aliyefikwa: aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyechoka kwa safari, hata aliyebeba mzigo mzito. Asemaye pole hajakiri kosa. Ameshiriki maumivu tu. Ni neno zuri, nami nalipenda. Lakini jioni ile nilitaka "nisamehe", nikapewa "pole", na kwa hasira zangu nikaona kwamba nimedhulumiwa mara mbili. Leo naamini kwamba Cucu alichagua neno hilo kwa makini kuliko nilivyochagua mimi maneno yangu yaliyofuata. Naja kwayo sasa.

Siku ya pili, mtoto akiwa mzima, nilimketisha mapajani nikamwuliza: "Nani alikusukuma?" Akataja jina la mvulana wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka mitatu. Nilimpigia simu mama wa mvulana huyo. Sitayarudia niliyoyasema. Itoshe kusema kwamba nilizungumza kama mtu mwenye ushahidi.

Baada ya siku tatu nne hivi, katika mazungumzo ya upuuzi tu, nilimwuliza binti yangu tena ni nani aliyemsukuma. Akanijibu kwamba ni paka. Nikamwuliza ni nani aliyekula ndizi yangu. Akamtaja mvulana yule yule wa jirani. Kumbe alikuwa akimtaja kwa sababu ndiye ampendaye.

Mwalimu msomaji, tazama kosa langu lilipo, maana ni kosa ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angalipoteza alama kwalo. Swali "nani alikusukuma?" halimwulizi mtoto kama alisukumwa. Limekwisha kulichukulia jambo hilo kuwa kweli, na kumwachia mtoto kazi moja tu, ya kujaza jina. Mtoto wa umri ule hujaza. Wanasaikolojia Stephen Ceci na Maggie Bruck, katika mapitio yao ya mwaka 1993 ya tafiti za ushahidi wa watoto, walionyesha kwamba watoto wadogo wa umri wa shule ya chekechea ndio wepesi zaidi kuyumbishwa na maswali yenye jibu ndani yake. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Nimepata hata kuyafundisha. Lakini nilipomwona wangu ana uvimbe usoni, elimu yote iliniruka.

Na hapa Njoro kosa la aina hiyo si dogo. Mimi na mama wa mvulana yule hatutoki jamii moja. Tunaishi katika mji na viunga ambavyo mwezi wa Januari 1998, na tena mapema mwaka 2008, majirani waliofahamiana kwa majina walikimbiana usiku. Watu wazima wa hapa hawasemi sana juu ya hayo, ila hawajasahau. Mtu akimpigia jirani yake simu na kusema "mwanao amemwumiza mwanangu", sentensi hiyo haisikiki kama ingesikika mahali pengine. Nilikwenda kwake kwa miguu kumwomba radhi, na safari hii sikutumia neno pole. Alinikaribisha chai. Hata hivyo ilichukua miezi kadhaa kabla ya watoto wetu kuruhusiwa kucheza pamoja tena, nami siwezi kumlaumu.

Kisha nikamwendea Cucu. Sikumhoji, niliketi naye kitako nikamsaidia kuanua nguo. Akaanza mwenyewe.

"Mwanangu," aliniambia, "siku ile mvua ilianza kumwagika. Nguo zote za watoto zilikuwa kwenye kamba. Nilitoka kuzianua. Benchi lilikuwa chini ya dirisha, nao wakapanda kutazama trekta lipitalo. Niliporudi wa kwako alikuwa chini, analia. Ilikuwa baada ya uji wa saa 4. Sikuona alivyoanguka."

Tangu saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 7. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hivyo siku ile.

"Mwaka jana mtoto aliungua kwa chai hapa. Nilisema kweli yote: mimi ndimi niliyeiweka birika mahali pabaya. Wiki ile walihamishwa watoto wanne. Wanne hao ndio walikuwa kodi ya nyumba."

Siku ile alikuwa na watoto 12, naye yu peke yake.

Hilo ndilo nililokuja kuliandika, na yote yaliyotangulia yalikuwa njia ya kulifikia. Sisi wazazi tumeiwekea kweli bei, tukawaachia walezi maskini wailipe, halafu tunashangaa kwamba hawaisemi. Mlezi aliyesema kweli alipoteza watoto wanne. Mlezi aliyesema "ameanguka tu" hakupoteza hata mmoja, ila mtoto wangu angaliweza kupoteza maisha, kwa kuwa daktari alinyimwa habari ambazo zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu mjini Njoro, na mtu huyo alikuwa akiogopa.

Sisemi kwamba Cucu hana lawama. Kunificha saa ya ajali ya kichwa ni kosa kubwa, nami nilimwambia hivyo, akainamisha macho. Nasema tu kwamba kosa hilo lina wazazi wawili.

Pengine mtu atauliza, kwani mtoto wa miezi michache au miaka miwili anatafuta nini huko? Swali hili huulizwa sana na wanaume wenzetu maofisini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo, na baba majuma 2. Mwezi wa nne mama huyo yuko kazini tena, ikiwa ana bahati ya kuwa na kazi yenye likizo. Wengi wa wanawake niwaonao alfajiri hapa Njoro, wakienda vibarua vya kupalilia na kuvuna mbogamboga, hawana hata hiyo miezi mitatu. Zamani nyanya alikuwapo. Siku hizi nyanya yuko Kuresoi au Busia, na mjukuu yuko katika chumba cha kupanga karibu na lango la chuo kikuu. Mtoto hana budi kuachwa kwa mtu.

Na mtu huyo serikali humwangalia kwa jicho moja. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inamhakikishia kila mtoto ulinzi dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linavitaja vituo vya kulelea watoto waziwazi, sambamba na elimu ya chekechea, kuwa jukumu la kaunti. Lakini fuatilia historia yetu uone fikira zetu zimeelekea wapi. Mradi wa elimu ya chekechea ulianza katika Taasisi ya Elimu ya Kenya mwaka 1971. Mwaka 1980 chekechea zikahamishiwa Wizara ya Elimu, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo. Sera ya kitaifa ya mwaka 2017 nayo ikajishughulisha na watoto wa miaka 4 na 5. Yote hayo ni mazuri, nami ni mmoja wa wanaonufaika nayo, kwani wanafunzi wangu kadhaa wameajiriwa humo. Lakini ni mambo ya watoto waliokwisha kuweza kushika kalamu. Yule asiyejua bado kusema "nimeanguka kutoka benchini baada ya uji" ndiye aliyeachwa kwa mwenye chumba, benchi na moyo wa huruma.

Si kwamba haiwezekani. Tanzania ilikuwa na sheria mahsusi ya vituo vya kulelea watoto mchana tangu mwaka 1981, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kaunti ya Nairobi nayo ilitunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Sheria peke yake haianui nguo mvua ikinyesha, hilo nalijua. Lakini huweza kusema ni watoto wangapi wanaoweza kuachwa na mlezi mmoja, na hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa.

Nimetumia neno ajali, nalo lina dhambi zake. Asili yake ni Kiarabu, ambako "ajal" ni muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Sisi tuliliazima pamoja na kivuli chake, ndiyo maana tunasema kwa wepesi kwamba ajali haina kinga, kisha tunakunja mikono. Wahenga wataniwia radhi. Ajali ya benchi lililo chini ya dirisha ina kinga, na kinga yake ni kulihamisha benchi. Ajali ya jiko la makaa lililowekwa katikati ya chumba kwa sababu ya baridi yetu ya Julai ina kinga. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilikadiria kwamba zaidi ya watoto 2,000 hufa kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa, na ikasisitiza kwamba mengi ya hayo yangeweza kuzuiwa. Mahali ambapo watu waliacha kuyaita majaliwa ndipo yalipopungua.

Nifanye nini basi, mimi mwalimu wa lugha? Nilimnunulia Cucu daftari. Polisi wana kitabu chao cha matukio, kile tunachokiita OB, ambamo hata kuku aliyepotea huandikwa na saa yake. Kwa nini kichwa cha mtoto kisiandikwe? Tulikubaliana, yeye na wazazi tulioketi pale Jumamosi moja, juu ya yatakayoandikwa: saa, mahali, jambo lililotangulia, jambo lililofuata, mlezi alikuwa wapi, alifanya nini, na mtoto alikuwaje baadaye. Kila kitenzi kiwe na mwenyewe anayejulikana. Asipoona, aandike "sikuona", maana hilo nalo ni ushahidi, na kwa daktari ni bora mara kumi kuliko "si kitambo". Jina la mtoto mwingine aliyehusika lisiandikwe mbele ya mzazi. Mtoto wa miaka miwili aumaye mwenziwe hana uhalifu. Ana meno mapya na maneno machache. Na zaidi ya yote, mzazi apigiwe simu saa ile ile jeraha linapokuwa la kichwa, la moto, la sumu au la kukabwa, si jioni akija kuchukua.

Upande wetu wazazi ulikuwa mgumu zaidi kuafikiana. Tuliahidi kwamba atakayesoma kweli daftarini hatamhamisha mtoto wake wiki ile, bali ataketi kwanza na mlezi. Baba mmoja alikataa kata kata, akisema kwamba mtoto wake si somo la majaribio. Nilimwelewa. Hata hivyo alibaki, na nadhani alibaki kwa sababu hakuwa na pengine pa kumpeleka.

Mambo ya huduma ya kwanza nayaandika kwa ufupi, kwa vile walimu mnaweza kuyapata kwa wauguzi walio karibu nanyi, nami nawasihi mwalike mmoja shuleni kabla muhula haujaisha. Aliyegonga kichwa awekewe kitambaa cha maji baridi, asikandwe wala kupakwa mafuta, na aangaliwe siku nzima na usiku wake. Akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akisinzia asiamshike, akitetemeka kwa degedege, au akitokwa na majimaji sikioni au puani, ni hospitali mara moja. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, hata kama ni ya kumimina kwa jagi kutoka mtungini, na asipakwe dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Na tafadhalini, tuache ule mtindo wetu wa kumwinua mtoto kwa mkono mmoja tunapovuka barabara au tunapomtoa matopeni. Kiwiko cha mtoto wa kati ya mwaka mmoja na minne huteguka kwa mvuto huo tu, na jioni mlezi atasema kwamba mkono "umeuma wenyewe", kumbe aliyeuvuta ni mzazi asubuhi.

Najua pia pingamizi ambalo wasomaji wengine wamekwisha kuliandaa. Je, upole huu hautawaficha wanaopiga watoto? Wapo watu hao, wala sitaki kuwatetea. Lakini mtoto anayekimbia na kucheza huumia paji la uso, magoti, viwiko na muundi. Alama zilizo masikioni, mgongoni, tumboni au makalioni, au mchubuko kwa mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza, zina hadithi nyingine, na mwenye kuziona apige simu ya watoto nambari 116 bila ya kungoja. Daftari halimfichi mwovu. Mwovu hulichukia daftari, kwa sababu linakumbuka, na likifunguliwa baada ya miezi mitatu huonyesha kwamba mtoto mmoja "ameanguka" mara saba.

La fedha nitalisema kwa kifupi, kwa sababu ndilo linaloniuma. Tulipohesabu pale Jumamosi, tuliona kwamba kila mzazi akiongeza nauli ya matatu ya kwenda na kurudi Nakuru kwa juma, angepatikana msichana wa pili wa kumsaidia Cucu saa za uji na za mchana. Tulipatana, japo wawili kati yetu hulipiwa na wengine bila kutajwa. Benchi lilihamishwa siku ile ile, tena bila gharama.

Jumanne ya wiki iliyopita nilifika saa 11 jioni kama kawaida. Daftari huning'inia msumarini karibu na mlango, limefungwa kwa kamba ya katani. Cucu alilifungua mwenyewe akanipa. Maandishi yake ni makubwa, ya mtu aliyeacha shule mapema na asiyetaka kueleweka vibaya: "Saa 5 na dakika 10. Ameumwa mkono wa kushoto na mwenzake. Waligombania kijiko. Mimi nilikuwa napakua uji, niliona lakini sikuwahi. Nimeosha kwa maji na sabuni. Alilia, akanyamaza, akala."

Niliutazama mkono, nikaona mviringo mdogo wa meno. Nikajikuta nauliza, "Cucu, ni nani aliyemwuma?"

"Hilo halimo kitabuni, mwanangu," akanijibu, akinikabidhi kalamu.

Nikatia sahihi yangu, nikamwaga, nikambeba binti yangu tukaenda zetu.